Bi Koma, mfuaji wa mashuka aliyeandika kupita kiasi

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, toroli la kwanza la mashuka linagonga mlango wa chumba cha kufulia na kuingia bila kusubiri kukaribishwa. Mwanamke mfupi, mwenye aproni ya plastiki aliyoizungusha mara mbili kiunoni, analizuia kwa nyonga, anavaa glavu, anaanza kuchambua.

Shuka la kwanza analikunjua, analitazama, analitupa kushoto. La pili kulia. La tatu analishika kidogo.

"Huyu hakulala," anasema. "Limekunjamana ukingoni tu, katikati limenyooka. Alikaa hapa hapa mpaka kukapambazuka. Huyu si mgonjwa. Huyu ni mtu aliyekuja kuuguza."

Mwenzake anayelisha mashine kubwa upande wa pili anacheka bila kugeuka. "Ameshaanza! Bi Koma, wewe fua. Hadithi zitakuja zenyewe."

Bi Koma ana miaka 56. Chumba hiki cha hospitali, chenye madirisha ya juu na sakafu isiyokauka, amekifanyia kazi kwa miaka 31. Yeye na wenzake watatu hupitisha karibu kilo mia sita za mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa kila siku. Ncha za vidole vyake zimekuwa laini kwa dawa ya madoa, hata mashine ya alama za vidole pale getini humkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Mshahara wake, anasema, hufika tarehe ishirini ukiwa unachechemea.

Jina la utani alipewa na wenzake, baada ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu tangazo la msimamizi ukutani. Tangazo lilisema: "Ni marufuku kula wafanyakazi wote mnaombwa kutumia chumba cha chai." Yeye akaweka koma baada ya neno "kula".

"Kabla ya koma ile tulikuwa salama," anasema mwenzake. "Ilikuwa marufuku kutula. Akaja na kalamu yake, ulinzi wetu ukaisha."

Wote wanacheka, na Bi Koma anacheka pia, lakini yeye anaacha kabla ya wengine. Jina hilo lilikuwa utani kwa miaka mingi. Kisha, miaka kumi na moja iliyopita, watu wa mtaani kwake walianza kulitamka kama amri. Alipopita dukani, mtu alisema kwa sauti ya chini, "Koma." Alipopanda ngazi za nyumba anayoishi, mtu mwingine alisema, "Koma, mwanamke." Alijua wanamaanisha nini. Alikuwa ameandika hadithi gazetini, na hadithi hiyo ilikuwa imevunja nyumba ya mdogo wake.

Alianza kuandika akiwa na miaka 34, kwenye madaftari ya mistari, wakati wa mapumziko ya saa sita. Hakuwa na mwalimu. Alichokuwa nacho ni macho.

"Kazi ya kufua inakufundisha kutazama," anasema. "Ukikosea doa ukadhani ni chai kumbe ni damu, unaliweka kwenye maji ya moto, linakaa pale milele. Kwa hiyo unatazama. Sasa mimi nikawa natazama kila kitu. Na nilivyokuwa natazama kila kitu, nikawa naandika kila kitu."

Hadithi yake ya kwanza aliipeleka kwa mkono kwenye ofisi ya gazeti moja la kila wiki lililokuwa na ukurasa wa hadithi za mfululizo. Mtu na mkewe wanagombana sebuleni. Ugomvi wenyewe ulianza ukurasa wa tano. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa za sebule.

Mhariri wa ukurasa huo aliirudisha na mstari mmoja kwa penseli: "Mama, unasimulia hadithi au unahamisha nyumba?"

Mhariri huyo sasa ni mstaafu, anafuga kuku nyuma ya nyumba yake na anakataa kabisa kusoma magazeti. Bi Koma anamkumbuka vizuri.

"Alinirudishia mara sita," anasimulia Bi Koma. "Mara ya saba akaniita, akaniambia nikae."

Mhariri mwenyewe anaeleza alichomwambia siku hiyo. "Alikuwa na jicho ambalo waandishi kumi waliosoma hawana. Tatizo lake hakuwa na mkono wa kuacha. Nikamwambia, taja kitu kimoja tu. Kile ambacho mhusika wako asingeweza kukisahau hata akizeeka. Vingine msomaji atavileta mwenyewe kutoka kwake. Msomaji si maskini, ana viti vyake."

Bi Koma alikwenda nyumbani na maneno hayo. Alijaribu kubuni kitu kimoja cha namna hiyo, akashindwa. Kila alichokibuni kilinuka ubunifu. Saa ya marehemu. Ua lililokauka ndani ya kitabu. "Vitu ambavyo kila mtu ameshaviazima," anasema.

Ndipo akaanza kuchukua vitu vya kweli.

Mdogo wake, ambaye yeye amempita kwa miaka kumi na miwili, alikuwa ameolewa katika nyumba yenye heshima, anaishi pamoja na mumewe, watoto wawili na mama mkwe. Bi Koma alipokwenda kuwatembelea, alimwona mdogo wake akianza kuosha vyombo. Alivua saa mkononi, akaitumbukiza ndani ya kikombe kilichokuwa juu ya rafu, kikombe cha bati chenye picha ya treni, kishikio chake kimevunjika na kufungwa waya. Alifanya hivyo bila kutazama, kama mtu anavyopepesa macho.

"Nikasema moyoni, hicho ndicho," anasema Bi Koma. "Kitu chenyewe hicho. Mwanamke anayeificha saa yake ndani ya kikombe cha watu wengine."

Mdogo wake alikuwa na jambo lingine la kuficha. Akiwa na miaka kumi na saba, kabla hajaolewa, alizaa mtoto wa kike. Mama yao alimchukua mtoto huyo tangu siku ya kwanza, akamlea na kumtangaza kuwa ni kitinda mimba wake. Majirani walihesabu miezi kwa vidole, kisha wakachoka kuhesabu. Mtoto alikua akimwita bibi yake "mama" na mama yake "dada". Kwa wakwe hakuna aliyejua.

Mama yao alipofariki, mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu. Bi Koma, ambaye hana mtoto, alimchukua akaishi naye. Kwa binti huyo, wote wawili waliendelea kuwa dada zake, mmoja mkubwa aliyemlea na mwingine aliyeolewa mbali kidogo.

Hadithi aliyoiandika Bi Koma ilihusu mwanamke anayemwita mwanawe "mdogo wangu". Ilipangwa kutoka kwa wiki ishirini na mbili. Kwa kila toleo alilipwa sawasawa na ujira wa siku mbili za kufua.

"Nilibadilisha kila kitu kikubwa," anasema, na hapa sauti yake inakuwa ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu aliyekwisha kuondoka. "Mji nilibadilisha. Kazi ya mume nilibadilisha. Watoto wawili nikafanya mmoja. Dini, umri, vyote. Vile vidogo ndivyo nilivyoviacha kama vilivyo. Nilidhani siri inakaa kwenye vitu vikubwa."

Gazeti likapendwa. Mhariri anakiri kwamba barua za wasomaji zilijaa droo mbili, na yeye ndiye aliyezidi kumchochea. "Nilimwandikia, ongeza vitu kama hivi. Nilijua vimetoka mahali. Sikuuliza wapi. Mhariri akipata nyama hamuulizi mchinjaji."

Wiki ya kumi na nne, kikombe kilitoka gazetini, na treni yake, na waya wake, na saa ndani.

Mama mkwe wa mdogo wake hakuwa msomaji wa hadithi. Alikuwa akifungia vitunguu kwa gazeti hilo jikoni alipoona neno "treni". Alisoma kipande hicho amesimama. Kikombe kilikuwa chake, alikileta mwenyewe kutoka nyumba aliyozaliwa, na waya ule aliufunga kwa mkono wake. Alilikunja gazeti, akalisubiri la wiki inayofuata.

Wiki ya kumi na tano ilieleza kuzaliwa kwa mtoto. Bi Koma alikuwa chumbani mle siku ile ya kweli, akishika taa. Aliandika kwamba mtoto alizaliwa na kidole cha sita kwenye mkono wa kushoto, kidogo kama punje ya mahindi, na kwamba mkunga alikifunga kwa uzi mweusi hadi kikaanguka chenyewe siku ya nane.

Jumapili toleo hilo lilipotoka, binti alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa na mazoea ya kununua gazeti kila wiki kwa pesa yake ya nauli na kumsomea dada yake mwandishi kwa sauti, Bi Koma akiwa anapika au anaosha vyombo. Alijivunia. Shuleni aliwaambia wenzake, "Hadithi ile ni ya dada yangu."

"Alisoma vizuri, kwa madaha, mpaka kwenye uzi," anasimulia Bi Koma. "Hapo akanyamaza. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, mikono iko kwenye maji. Nikamwambia, endelea. Akasema, 'Dada, huyu mtoto ni nani?' Nikasema ni wa kwenye hadithi. Akasema, 'Na huyu?' Nikageuka. Alikuwa ameinua mkono wake."

Kando ya kidole cha mwisho cha mkono huo kuna kovu. Alikuwa ameambiwa tangu utoto kwamba aling'atwa na panya.

"Kwa nini uliandika kidole?" Bi Koma anajiuliza mwenyewe, bila kuulizwa. "Watu wote waliniuliza hivyo, na mimi najiuliza kila siku. Jibu ni baya. Nilikiandika kwa sababu kilikuwa kizuri. Sentensi ilikuwa nzuri. Nilipoimaliza nilisimama, nikazunguka meza kwa furaha. Sikumkumbuka yule mtoto hata kidogo, na alikuwa amelala chumba cha pili."

Siku mbili baadaye, Jumanne, mdogo wake aliitwa sebuleni na mama mkwe. Mdogo wake sasa ni mpishi wa shule katika mji mwingine, ana miaka 44. Alikubali kuzungumza na mwandishi wa makala haya kwa simu, mara moja tu, wakati wanafunzi wakiwa darasani.

"Kikombe kilikuwa juu ya meza," anasema. "Pembeni yake magazeti mawili. Mume wangu amekaa. Mama mkwe akaniambia kwa upole kabisa, 'Mkwe wangu, macho yangu hayaoni vizuri, hebu tusomee.' Alikuwa anaona vizuri kuliko mimi. Nikachukua, nikasoma. Nilisoma maisha yangu kwa sauti, mbele ya mume wangu, na kila nilipotaka kunyamaza mama mkwe aliniambia, 'Endelea, mwanangu, hujafika mwisho.'"

Mumewe hakupiga na hakutukana. Alisema hamchukii mtoto, anachukia kuishi miaka tisa na mtu asiyemjua. Mwisho wa wiki, mdogo wake Bi Koma alitoka katika nyumba ile na masanduku mawili. Watoto wake, wa miaka saba na minne, walibaki. Tangu hapo amekuwa akiwaona wakati wa likizo, siku kumi kwa mwaka. Mkubwa sasa ana miaka kumi na minane na hupokea simu zake kwa kusema, "Ndiyo, nakusikiliza."

Bi Koma alimfuata kituo cha basi siku ile ya masanduku. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Mdogo wake alimtazama, akasema maneno machache tu.

"Dada. Hata kikombe umeshindwa kubadilisha?"

Kisha akapanda basi. Walikaa miaka tisa bila kuongea.

Je, amemsamehe? Kwa simu inasikika sufuria ikifunikwa. "Kwa mdomo nimeshamsamehe zamani," anasema. "Moyo bado haujapata taarifa."

Na kuhusu jambo hili kurudi tena gazetini? "Andikeni. Siri ikishatoka hadharani mara moja, haina tena pa kujificha. Mimi sina tena mkwe wa kumwogopa."

Binti naye aliondoka mwezi huo huo. Alihamia kwa shangazi wa mbali, akamalizia shule huko. Aliondoka akiwa na tatizo ambalo Bi Koma anasema lilimuumiza kuliko matusi ya mtaani: hakuwa na neno la kumwita. Dada hakuwa dada tena. Alikuwa mama mkubwa, lakini mdomo wa binti ulikataa. Kwa miaka, walipokutana msibani au harusini, alimwambia shikamoo tupu, isiyo na mtu mwishoni.

Hadithi ya gazetini ilikufa wiki ya kumi na saba. Mhariri aliitaka iendelee, watu walikuwa wanaisubiri kama mshahara. Bi Koma aliwapakia wahusika wake wote kwenye basi moja, akalipindua.

"Hata mtoto?" mhariri alimwuliza siku ile.

"Hata dereva," Bi Koma akajibu.

Hakuacha kuandika. Alijaribu, anasema, lakini ilikuwa kama kuacha kujikuna. Alichoacha ni vitu. Aliapa kwamba hatataja tena kikombe, kovu, pazia wala kiatu cha mtu yeyote. Kwa mwaka mzima alipeleka gazetini hadithi zilizokwenda hivi: "Mwanamke aliingia chumbani. Alikuwa na huzuni. Akakaa, akalia. Mumewe akaja. Wakaongea."

Mhariri alizisoma tatu. "Nikamwuliza, chumba gani? Amekaa juu ya nini? Amelia vipi, maana kuna wanaolia huku wanakunja nguo. Hii ni hadithi au fomu ya benki? Akaniambia, mzee, nyumba za watu hazinihusu tena. Nikamwambia basi na ukurasa wangu haukuhusu."

Jina lake halikuchapwa tena popote. Ana madaftari kumi na tisa chini ya kitanda ambayo hayajasomwa na mtu.

Miaka sita iliyopita, mkutubi wa maktaba ndogo iliyo karibu na hospitali alimwomba awasaidie watu wachache wanaotaka kujifunza kuandika. Wanakutana Jumamosi alasiri, watu watano au sita, kwenye chumba chenye meza moja inayopepesuka. Halipwi. Hupewa chai, na sukari ajiletee.

Jumamosi moja, dereva mstaafu wa lori, mzee mkubwa mwenye mikono ya kushikia usukani hata anaposhika kalamu, anasoma alichoandika. Ni hadithi ya mwanamume aliyefiwa na mkewe. Mwanamume huyo anaingia chumbani kwake. Kuna kitanda cha futi tano, kabati la milango miwili, feni, zulia la kijani, redio, viti vitatu vya plastiki, ndoo mbili, kalenda ya mwaka jana.

"Simama hapo hapo," anasema Bi Koma. "Huyu bwana anatoka wapi?"

"Makaburini."

"Ametoka makaburini, na akaanza kuhesabu ndoo?"

Wenzake wanacheka. Mzee naye anacheka, anafuta jasho.

"Baba, wewe ulipotoka kumzika mkeo, ukafungua mlango, uliona nini?"

Kicheko kinakatika. Mzee anatazama karatasi yake, ingawa haisomi tena.

"Malapa yake," anasema hatimaye. "Moja lilikuwa limelala kifudifudi. Nikainama kuligeuza."

"Basi andika hilo. Kabati liache, tunalo la kwetu."

Mzee anaandika. Bi Koma anasubiri amalize, kisha anaongeza jambo ambalo wanafunzi wake wameshalizoea.

"Hayo malapa ni ya mkeo, na msiba ni wako, kwa hiyo ruhusa unayo. Ingekuwa ni ya jirani, ningekuambia kwanza nenda kabishe hodi."

Baadaye, akiwa anasuuza vikombe vya chai, anaeleza kwamba kila kitu kinachotaka kuingia kwenye hadithi hukiuliza maswali mawili. La kwanza: hapa unafanya kazi gani? Kisichokuwa na kazi kinatoka, hata kiwe kizuri vipi. La pili: wewe ni wa nani?

"La kwanza nilifundishwa na mhariri," anasema. "La pili nimejifunza kwa gharama ambayo nililipiwa na mtu mwingine."

Mwaka jana, Jumapili moja asubuhi, mlango wa Bi Koma uligongwa. Alikuwa ni yule binti. Ana miaka 27 sasa, ni fundi miwani, anakata na kusaga vioo katika duka la katikati ya mji. Alikuwa ameolewa, na alikuwa amepata ujauzito ambao haukudumu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akiwa bado ameshika mkoba.

"Kliniki walinihoji," binti anamweleza mwandishi wa makala haya. "Wewe ulizaliwaje? Uzito gani? Mama yako aliumwa muda gani? Alitoka damu nyingi? Nikawa sina jibu hata moja. Nilitaka kumwambia yule muuguzi, nenda katafute gazeti la miaka kumi iliyopita, yote yapo."

Mama yake mzazi alikwisha kumwuliza. Mpishi yule wa shule humjibu kila kitu isipokuwa hilo. Akiulizwa kuhusu siku ile, huinuka akatafuta kazi ya kufanya. Bibi aliyemlea amekufa, na mkunga amekufa pia. Ukimtoa mama mwenyewe, amebaki mtu mmoja tu aliyekuwa chumbani.

"Akaniambia, 'Mama mkubwa,'" anasimulia Bi Koma. Hapo anakausha mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo. 'Mama mkubwa, niandikie siku ile. Yote. Usipambe, usipunguze. Mwanzo uliandika kwa ajili ya watu. Sasa andika kwa ajili yangu.'"

Kabla ya kushika kalamu, alimpigia simu mdogo wake. Ilikuwa simu ya kwanza ndefu tangu walipoanza tena kusalimiana. Alimweleza alichoombwa na aliyemwomba.

"Ule mwaka uliandika ambacho hukuombwa," mdogo wake akasema. "Sasa umeombwa. Andika."

Daftari hilo limefika ukurasa wa 61. Ndani yake, anasema Bi Koma, kuna mvua iliyonyesha, rangi ya beseni, jina la mkunga, wimbo aliokuwa anauimba mkunga huyo kwa pua, na muda ambao mtoto alikaa kabla ya kulia. Mambo ambayo asingeyaweka katika hadithi yoyote. Msomaji wa gazeti angechoka kufikia ukurasa wa tatu.

"Lakini huyu si msomaji wa gazeti," anasema. "Huyu ni mwenye siku. Kwake hakuna kitu kisicho na kazi. Hata rangi ya beseni, anaitaka."

Kilichomkwamisha ni kitu kimoja. Mtoto alipotoka, mdogo wake, mwenye miaka kumi na saba, amechoka na amejaa hofu, alisema maneno saba. Yalisemwa mara moja. Waliyasikia watu watatu, na wawili wamekufa. Bi Koma anaamini kwamba mdogo wake hakumbuki kama aliyasema.

Mwandishi wa makala haya anauliza ni maneno gani.

"Ukiyaandika wewe, nitakuwa nimeyaandika mimi," anajibu. "Niliwahi kufanya hivyo."

Binti alisema asipunguze. Akiyaweka, binti atayasoma maisha yake yote. Akiyaacha, atakuwa amempa tena siku iliyofuliwa na kupigwa pasi, na binti huyo amedanganywa vya kutosha. Kwa miezi minne daftari limesimama kwenye ukurasa huo huo. Tangu aombe daftari hilo, binti amepata ujauzito mwingine, na huu umefika mwezi wa saba. Anataka daftari kabla hajajifungua.

Kwa hiyo Bi Koma ameomba likizo ya wiki moja, ya kwanza katika miaka sita. Jumatatu ijayo atasafiri kwa basi, mwendo wa saa tisa, hadi mji anakopikia mdogo wake. Hatalituma daftari kwa posta wala kwa mtu. Atalibeba mwenyewe, na penseli yenye kifutio.

"Nitamwambia akae, asome mwenyewe, kimya kimya, asisomee mtu," anasema. "Kila mstari. Atakachokifuta, kimefutika. Sitauliza kwa nini."

Na akifuta maneno yale saba?

"Yatakuwa yamefutwa na mwenyewe. Hapo sina dhambi."

Na akifuta kurasa zote?

Bi Koma anafikiri. Toroli jingine limeingia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hajalitazama.

"Basi nitampelekea binti daftari tupu, nimwambie, hivi ndivyo mama yako alivyotaka kuisimulia. Na hiyo pia itakuwa kweli." Anavuta glavu, moja baada ya nyingine. "Lakini naomba Mungu aniachie hata ukurasa mmoja. Ule wa mvua, hata huo tu. Ule haumuumizi mtu."